Stanka na Mwanga Usiopimika

Stanka Mihneva alichomelea vyuma kwenye karakana ya mashua mjini Ruse, na kukaa kitako dakika kumi kulimshinda. Akiwa na miaka arobaini na saba alijiunga na darasa la watu wazima, amalizie shule aliyoiacha usichanani.

Alhamisi moja mwalimu Dobrin aliandika ubaoni: mwanga si maada. Stanka akasimama.

"Mwalimu, hapo sikubali. Mwanga wa kuchomelea uliniunguza macho, siku mbili nikahisi nimetiwa mchanga. Kitu kisicho kitu kinamuumizaje mtu?"

"Maada ina uzito na hushika nafasi," Dobrin alijibu. "Mwanga ni nishati, na nishati inaumiza vilevile."

"Hayo maneno matupu."

"Keti basi, mama, wenzako wanangoja."

Hakuketi. Alichukua koti akaondoka.

Mumewe, Iliya, alimkuta akizungukazunguka jikoni, banitsa, mkate wa jibini, imepoa mezani.

"We mwanamke, utatoboa sakafu!"

"Nishikie tochi hii."

Akafunga mapazia, akakung'uta mfuko wa unga hewani, akawasha tochi ya pili ili mwanga wake ukate ule wa Iliya. Miale ikaonekana wazi katika vumbi jeupe, ikapenyana bila kusukumana wala kupinda. Akachukua vijiko viwili, akajaribu kuvipenyeza vivyo hivyo. Vikagongana.

"Umeona? Vijiko vinagombea nafasi. Mwanga haugombei!"

"Nimeona unga kwenye suruali yangu."

Lakini usingizi haukumjia vizuri, na kesho yake alimvizia Dobrin langoni.

"Nafasi haushiki, nimekubali. Na uzito je? Tuusimamishe, tuupime."

Dobrin akashusha mkoba wake. "Hausimami, Stanka. Ukiuzuia, chuma kinaumeza, unageuka joto. Mwanga wenyewe umekwisha, huna cha kuweka kwenye mizani. Ila ukigonga kitu, unakisukuma kidogo mno. Hata mimi jambo hilo lilininyima raha chuoni."

"Mbona jana hukusema?"

"Niliogopa hutaketi mpaka Jumapili."

Stanka akacheka mpaka wapita njia wakageuka.

Mwezi wa Juni alifaulu mtihani wa fizikia kwa alama tano, na ya juu ni sita. Wenzake walikwenda kunywa bia. Yeye alipanda ngazi hadi ofisi ya walimu, kuulizia hiyo moja iliyopungua.