Gari Lililotazama Paa

Juzi jirani yangu hapa Same alikuja kuazima pasi. Akakuta juu ya meza bomba la plastiki lililopasuliwa, kopo la dawa ya mbu lililokatwa shingo, na lori la kuchezea nililolinunua gulioni nikalivunjavunja kwa ajili ya magurudumu yake. Akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia gari la mbio, lile refu la zamani lililoundwa kwa kukimbia mstari mmoja tu na kuvunja rekodi ya kasi. Akauliza ni la mtoto gani. Nikamwambia ni langu. Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia kunipa pole, akachukua pasi akaenda zake. Basi ngoja nikueleze wewe, maana yeye hakukaa.

Nililelewa na bibi, milimani juu ya Suji, na jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo pembeni mwa nyumba. Upepo wa kule ni mkali. Bibi aliziba nyufa kwa kurasa za magazeti ya zamani, akizibandika kwa uji mzito. Karibu na rafu ya vyungu palikuwa na picha ya gari moja jembamba, refu kupita kiasi, lenye pua ya mviringo na bawa limesimama nyuma kama pezi la samaki. Ukurasa aliubandika ubavu, hivyo gari lilitazama paa. Mimi sikuona ajabu. Kwetu gari ama linapanda ama linashuka. Nikaamini hilo ndilo gari la kupanda mlima kuliko yote duniani, na kila jioni, makande yakitokota na moshi ukinitoa machozi, nililitazama na kulitaka.

Shuleni tulikuwa na kipindi cha kazi za mikono. Wavulana walileta mipini ya majembe na magari ya waya, wasichana vikapu. Nilipomwambia mwalimu nitaleta gari, akasema wasichana wanasuka. Nikarudi nyumbani nikaanza kukata bati.

Mwili niliutoa kwenye kopo refu la mafuta ya kula, nikaukunja kwa kuugonga taratibu juu ya mchi wa kinu. Pua ilikuwa kichwa cha tochi iliyokufa. Magurudumu ndiyo yaliyonitesa, maana yale ya kandambili yalipepesuka. Kwa bahati mjomba alikuwa ametuletea zawadi kutoka Tanga, binamu yangu basi la plastiki, mimi mdoli mwenye nywele za njano. Binamu alilivunja basi kabla hata mjomba hajaondoka, nami nikalibadili kwa kipande cha muwa. Nikang'oa ekseli, magurudumu na kioo cha mbele. Mdoli naye sikumwacha akae bure, nilimkata kiunoni nikamketisha kwenye usukani. Bibi alishika mdomo, kisha akauliza kama dereva wangu haoni baridi, akamchania kipande cha kanga.

Jirani yetu aliyekuwa akiendesha lori la kuteremsha tangawizi alilipindua gari langu, akaona magurudumu hayakati kona. Nikamvuta mpaka jikoni kumwonyesha picha. Alilaza shingo begani, akacheka hadi akakalia kinu.

"Hili halipandi popote," akasema. "Ukurasa umebandikwa ubavu. Hili ni la tambarare, linakimbia kwenye uwanja mpana wa chumvi iliyokauka. Huku kwetu lingeishia korongoni kwenye kona ya kwanza."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Bibi, bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua, alisema yeye aliubandika ukurasa ulivyoenea, na kama gari lina nguvu kweli litakwenda linakotazamishwa.

Mwalimu alipoliona alisema hilo si gari, halina hata pa kukaa abiria. Jumatatu nilete kikapu, la sivyo gari litaingia kwenye moto wa jiko la shule. Aliyasema hayo mbele ya darasa zima, na darasa likacheka. Sikugusa hata ukindu mmoja.

Jumamosi likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tukazoe tope la ndiva. Kama hujawahi kufika kwetu, ndiva ni bwawa la mawe na udongo waliloacha mababu, linalokusanya maji ya mlima usiku ili mchana yagawiwe mashambani kwa zamu. Likijaa tope hufunguliwa, likaachwa likauke, na kila nyumba hutoa watu wa kulizoa. Mimi na bibi tulizoa tangu asubuhi, karai kichwani, shingo ikiuma. Ilipofika wakati wa kupumzika tulikuwa tumefikia udongo wa chini, mgumu, uliolala sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikasimama pale katikati na karai tupu, nikaiona tambarare. Ilikuwa kwetu siku zote, chini ya maji.

Nilikimbia nyumbani kuchukua gari. Niliporudi watu walikuwa ukingoni wanakula makande. Mzee msimamizi wa ndiva akanikataza, akisema ndiva haichezewi. Bibi aliweka bakuli lake chini, akamwambia kwa heshima zote kwamba mjukuu wake ameshamaliza zamu, sakafu ile ameisafisha kwa kichwa chake mwenyewe, na mpaka makande yaishe ni yake. Mzee akaendelea kula.

Nikachomeka vigingi viwili, nikafunga ukanda wa mpira wa tyubu, kama manati kubwa. Mwalimu alikuwa amekaa palepale ukingoni na matope magotini, maana naye nyumba yake ilitakiwa kuzoa kama za wengine. Nikahakikisha ananiona. Nikavuta, nikaachia.

Sijui kasi ile ingepimwaje. Najua lilikwenda bila kuyumba, bati likipiga kelele, nywele za njano zimelala nyuma, likavuka ndiva nzima na kujigonga kwenye ukuta wa mawe upande wa pili. Pua ikabonyea, bawa likaruka. Kisha yule dereva wa lori akasimama akapiga mluzi, na ukingo wote ukaitikia.

Jumatatu nilikwenda shule mikono mitupu, nikala viboko vyangu bila kulia. Jioni mwalimu akaja nyumbani kulichukua gari. Aliamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, akamkaribisha jikoni. Gari lilikuwa kwenye rafu ya vyungu. Bibi alishusha kikapu chake cha kwendea sokoni, akamwaga viazi vilivyokuwamo, akamkabidhi.

"Ulitaka kikapu, mwalimu, hiki hapa," akamwambia. "Gari la mjukuu wangu halitoki jikoni kwangu."

Mwalimu aliondoka na kikapu. Bibi alibeba viazi kwenye kiroba mpaka aliposuka kingine.

Sasa bibi hayupo. Jiko lake limebomolewa, limejengwa la matofali, na ule ukurasa na gari langu vilizolewa pamoja na udongo wakati mimi niko mbali. Ndiva imeota majani na baragumu halipigwi tena, eti siku hizi kuna bomba, ingawa kiangazi kilichopita nilikuta foleni ya ndoo penye bomba hilo. Inaniuma, wala sijifanyi haiumi. Wananiambia hayo yamepita, mtu mzima asahau. Sisahau. Naligonga kopo juu ya mchi kama zamani, na mdoli nimeshampata.

Picha ya gari nimeichapisha kwa kijana wa steshenari, nikaibandika ukutani juu ya meza. Jirani aliporudisha pasi aliitazama, akalaza shingo begani, akaniambia nimeibandika vibaya, gari linaelekea darini.

Nikamwambia litakwenda linakotazamishwa.