Aliyeiharibu programu yangu ya zamu za maji sasa anataka flashi yangu

Jumapili, mchana. Admin, naomba ufiche jina langu. Nimejiahidi kusema yote, bila kujipendelea.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, bweni, Handeni. Kwetu ni Makuyuni, Korogwe. Sasa niko nyumbani likizo, natumia simu ya mama. Shuleni kwetu maji ni shida, na kila asubuhi wasichana hugombana nani akachote. Ndiyo maana kwenye klabu ya kompyuta niliandika programu ya kupanga zamu za maji. Rafiki yangu, nimwite Rehema, alikuwa akinisaidia. Yeye hulala kitanda cha juu, mimi cha chini.

Kompyuta ya klabu ni kuukuu. Kifaa cha kuijenga programu, yaani kinachounganisha vipande vyake mpaka ifunguke, ni cha zamani, na kinaelewana tu na kisakinishi cha zamani kinachokiletea vipande hivyo. Nilimwonya Rehema, "Hiki kisakinishi usikisasishe, vitakataana." Lakini klabuni tuna mazoea yetu: mwalimu akiturushia intaneti ya simu yake, kila mtu anakimbilia kusasisha chochote anachokiona kabla bando halijaisha.

Bibi yangu alifariki, nikaenda Vugiri kuzika. Huku nyuma mwalimu akawasha intaneti. Rehema akakisasisha kisakinishi, wala hakuniambia.

Nilirudi siku ileile ya kuonyesha programu mbele ya shule. Niliongeza majina ya wageni wa bweni, nikaijenga upya. Yakatoka maandishi mekundu ya kosa, programu ikakataa kufunguka. Nikarudia, yakatoka tena; nikaangalia, nikaona kisakinishi ni kipya.

"Fundi, maji yamekatika!" mmoja akapiga kelele, ukumbi mzima ukacheka.

Nikamgeukia Rehema. Akasema kwa sauti, mwalimu akisikia, "Mimi sijagusa kitu. Labda amekosea mwenyewe, ana mawazo ya msiba."

Msiba wa bibi yangu! Hapo ndipo paliponiuma, na mpaka leo panauma. Mwalimu akasema nipumzike, Rehema ndiye atakayeipeleka programu kwenye maonyesho Korogwe mjini.

Jana akapiga simu. "Shikamoo mama, naomba kuongea na rafiki yangu." Mama akafurahi, akanipa. Sauti ya Rehema ikashuka. "Shoga, bado inagoma. Si una kile kisakinishi cha zamani kwenye flashi? Njoo nacho tukifungua shule. Ila mwalimu asijue kuwa nilisasisha, ataniua."

"Na jina langu litakuwepo?"

"We naye! Tutasema ni ya klabu."

Ni kweli ninacho, nilikihifadhi nikiogopa siku kama ile. Nikimpa, atapigiwa makofi kwa kazi yangu. Nikimnyima, shule itaaibika, na sisi tutaendelea kugombania ndoo. Nikienda kwa mwalimu, huenda akaniona nina wivu, ingawa si mtu mbaya, na bado naamini akikaa kunisikiliza atanielewa.

Rehema atapiga tena kesho asubuhi. Kaka na dada zangu, nijibuni kabla simu haijalia: nimpe flashi, au niipeleke mwenyewe kwa mwalimu na kumweleza aliyesasisha?