Mama Aliyebaki Kwenye Benchi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, cherehani nyingine zote zikiwa bado zimefunikwa, fundi mmoja wa kiwanda cha nguo anashona lebo kwenye kola za sare za shule. Huwahi saa nzima kabla ya wenzake. Mashine ishirini zikianza kunguruma kwa pamoja, kichwa chake hakitulii.

Lebo za nguo zake mwenyewe amezikata zote, ndiyo maana kiwandani wanamwita Bi Mkasi. "Zinaniwasha mpaka nalia," anasema. Ana miaka arobaini na mitatu.

Miaka sita iliyopita alimsikia mtaalamu redioni akieleza usonji, yaani autism. Alizima pasi, akakaa chini. Kila kilichosemwa kilikuwa chake.

Akaenda kliniki na mama yake. Daktari hakuinua hata uso. "Una kazi, una mume, unaongea vizuri. Usonji ni wa watoto. Acha mawazo," alimwambia, akamwandikia vidonge vya usingizi. Wa pili, mwaka uliofuata, alicheka tu.

Mama yake, aliyekumbuka kila kitu cha utoto wake, siku ile ya kwanza alibaki kwenye benchi la nje.

"Mimi ndiye niliyemzuia asiingie," anasema, na hapa cherehani inasimama. "Nilimwonea haya. Angeanza habari za sweta, nilivyokuwa nikigaragara chini nisilivae. Nikamwambia, mama, ningoje hapa."

Mwaka huu amempata daktari wa tatu, mwenye subira, aliyemsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa usonji huanza utotoni, akamuuliza: ni nani aliyekujua kabla hujaanza shule, aje aeleze?

Mama alikuwa ameshazikwa, miezi mitano nyuma. Inauma, wala hakuna namna ya kuipamba.

"Nataka nijue tu," anasema fundi. "Nimejiita mvivu, nimejiita mkorofi. Nimechoka kujitukana."

Amebaki kaka yake mkubwa, dereva wa lori, ambaye hawajaonana naye tangu msiba wa mama. Utotoni, wageni wakija, ndiye aliyekuwa akimfungia stoo ili asiiaibishe familia. Juzi fundi alimpigia kaka huyo simu, akamwomba aje kliniki Jumanne.

"Akaniuliza, 'Nieleze yote, mdogo wangu? Hata ya stoo?'"

Anarudisha mguu kwenye kanyagio.

"Nikamwambia, 'Kaka, ya stoo ndiyo uanze nayo.'"