Hatua ya Pili ya Farasi

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishtua. Nilitoka Nyangamara na darasa la nne na ndoo ya korosho za kukaanga, nikaja Kilwa Masoko, na leo nauza saruji, mabati na misumari katika duka ambalo kuta zake nimezijenga kwa mikono hii. Nimeuziwa saruji iliyoganda. Nimekimbiwa na mshirika. Nimeibiwa mabati na mlinzi niliyemlipa ayalinde. Sikushtuka. Na kwenye drafti, pale barazani mbele ya duka, ulizia tu: kila anayekaa mbele yangu huinuka amenuna.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Milola, alikuwa anakaa kwangu tangu amalize kidato cha sita. Kwetu sisi Wamwera mtoto wa dada ana baba yake, sawa, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Kwa hiyo barua ya chuo cha maabara ilipofika, chuo kiko Mtwara, dada alinipigia simu. "Kaka, mimi sina neno. Ukisema aende, ataenda. Ukisema abaki, atabaki."

Mimi nilitaka abaki. Sitaficha: kusoma nasoma, ila taratibu, na tangu aje yule binti hakuna msafirishaji aliyenibabaisha na karatasi zake. Nikawa namwambia tutaongea, tutaongea, na siku zinakwenda.

Shuleni, huko bweni, alikuwa amejifunza sataranji. Alasiri moja alitoka na ubao wake akanikuta nimetoka kumfunga fundi baiskeli, ambaye ni jirani yangu na mtani wangu.

"Mjomba, huu wangu huuwezi," akasema.

"Ubao ni ubao, mwanangu. Hata uweke punje za mahindi, nitakufunga."

"Basi nikutegee fumbo."

Akaacha vinyago vinne tu. Mfalme wake mweusi alikuwa kajibanza kwenye kona. Mbele ya mfalme kulikuwa na chumba kimoja kitupu, halafu askari wake mmoja anayemjia. Mimi nilikuwa na mfalme mweupe, amesimama karibu na ile kona na kuizibia upande mmoja, na farasi. Akanionyesha farasi anavyokwenda: vyumba viwili kwa kunyooka, kimoja kwa kukata kona, na anaruka kichwani kwa mtu.

"Unacheza, nacheza, unacheza, na mfalme wangu hana tena pa kwenda. Hatua zako ni mbili tu."

"Na akishindwa?" fundi akadakia. "Maana huyu anajua kusema tu."

Mdomo wangu ukatangulia. "Nikishindwa, aende chuo, nalipa kila kitu. Nikipata, anabaki dukani."

Watu wa barazani wakapiga makofi. Yeye hakucheka. Akauliza, "Mpaka lini, mjomba?"

"Ijumaa, tukitoka msikitini."

"Haya."

Hatua ya kwanza niliiona siku ile ile, wala sikutoka jasho. Ule mfalme mweusi ana mlango mmoja tu, kile chumba kitupu kilicho mbele yake. Nikimpeleka farasi mahali ambapo anakilinda kile chumba, mfalme hawezi kukanyaga, na mwenye zamu lazima acheze. Kwa hiyo anayetembea ni askari, na hana njia nyingine ila kuingia mle mle chumbani, mdomoni mwa farasi wangu. Mtego safi kabisa.

Basi namla askari. Nikishamla, mfalme mweusi anamla farasi wangu, tunabaki wafalme wawili tunatazamana kama wakwe. Sare.

Jumanne nilimla. Jumatano nilimla. Mteja anataka bati za geji ishirini na nane, mimi nampimia waya. Nilijaribu kuanza kwingine, nikasogeza mfalme, nikamzungusha farasi mpaka kichwa kikauma, na kila nikirudi kwenye ile njia ya kwanza mkono wangu ulikwenda wenyewe kumla askari. Fundi akipita ananiuliza, "Umeshiba, mtani?"

Alhamisi kabla ya adhuhuri ndipo nikajitazama mkono. Nimecheza drafti tangu sijaota ndevu, na kwenye drafti kula ni lazima. Kete ikikaa mbele yako hujiulizi. Ukiacha kula watu wanakupigia kelele. Nikajiuliza: kwani hapa nani amenilazimisha?

Nikamwacha askari palepale. Nikamrusha farasi upande wa pili, akatua mahali pa kumpiga mfalme moja kwa moja. Nikatafuta mfalme atakimbilia wapi. Upande mmoja mfalme wangu kaziba. Mbele, kwenye ule mlango wake mmoja, kasimama askari wake mwenyewe. Yule niliyekuwa namla siku zote hizo ndiye aliyekuwa ananisaidia kumfunga bwana wake. Nikamtazama yule askari mdogo wa mbao. Kisha nikacheka peke yangu, nikaenda stoo kumwita binti aje ajionee.

Alikuwa amenipa mgongo, amekaa juu ya mfuko wa saruji, anachora. Alikata vipande vya boksi, na kila kipande alichora kitu: msumari wa inchi tatu kwa urefu wake halisi, bawaba, kitasa, koki. Chini ya mchoro kaandika jina kwa herufi kubwa, na bei. Vingine alishavibandika kwenye rafu. Mlangoni alikuwa amebandika mfano wa karatasi ya msafirishaji, umewekwa alama: hapa msafirishaji anatia saini, hapa unahesabu kwanza. Kwa michoro ile hata mimi mwenye kusoma taratibu ningebaki dukani peke yangu.

Hakunisikia. Nikarudi kaunta taratibu, nikavirudisha vinyago mahali pake pa mwanzo.

Ijumaa baraza ilijaa. Nikamsogeza farasi, naye akamsogeza askari. Nikanyoosha mkono, nikamla.

Fundi akaanguka kwenye mkeka. "Njaa itakuua, mtani! Njaa!"

Binti hakumtazama. Alitazama kile chumba ambacho farasi alitakiwa aende, akanitazama mimi. "Mjomba, umekula?"

"Kula ni lazima."

Akamla farasi wangu kwa mfalme wake, polepole sana, kama anayesubiri niseme nimekosea. "Sare," akasema.

"Sare siyo ushindi! Alipe!" watu wa barazani wakapiga kelele.

Fundi mpaka leo anawasimulia wageni kwamba nilifungwa na mtoto wa shule kwa farasi mmoja. Nimevumilia miaka miwili, na hapa naandika ijulikane: niliiona ile hatua, niliiona mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Na nililipa. Ada ya mwaka wa kwanza, hosteli, koti jeupe la maabara, godoro, na nauli ya basi mpaka Mtwara: shilingi milioni moja, laki nane, sabini na nne elfu na mia tano.