Gari Lililoacha Kula Oili

Jumamosi moja, mwaka juzi, mbele ya watu wasiopungua ishirini na magari yao, nilitangaza kwamba fundi wangu ameniulia injini, na kwamba yeyote anayempelekea gari ajue analipeleka machinjioni. Nilitumia neno hilohilo, machinjioni. Tulikuwa Mikocheni, kwenye uwanja wa ghala lililofungwa, ambako sisi wenye magari ya kujifurahisha hukutana asubuhi kunywa chai na kufunguliana boneti. Wiki ileile magari manne yaliondolewa kwenye gereji yake Chang'ombe, moja likiwa limevutwa kwa kamba huku milango yake imepakiwa kwenye pikapu.

Nina mdomo, hilo wanalijua wanafunzi wangu wa fizikia, wanalijua kanisani, na mume wangu amelijua kwa miaka ishirini na miwili. Lakini siku ile nilijiona nina haki. Injini ilikuwa imezimika barabara ya Kilwa, karibu na Mbagala, kwa mlio kama wa kijiko kilichoangukia kwenye mashine ya kusagia, na mtu wa mwisho kuigusa alikuwa yeye. Siku mbili kabla alikuwa amenibadilishia plagi. Ushahidi gani mwingine ningetaka?

Nieleze kidogo kuhusu gari lenyewe. Ni jekundu, la milango miwili, la Kijapani, na nilipolinunua lilikuwa limeshafikia umri wa kuoa. Chini ya boneti hakuna pistoni hata moja. Kuna vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka ndani ya vyumba vyenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kwenye kila ncha ya pembe kuna kipande chembamba cha chuma, mafundi wanakiita sili, ambacho kazi yake ni kuteleza ukutani bila kuacha hewa ipite. Ili sili isiule ukuta, injini hujirashia oili kidogo kidogo mle ndani, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Kwa hiyo gari hili linakula oili, na limeundwa lile.

Fundi aliniambia hivyo siku ya kwanza, miaka minne kabla ya mkasa huu. "Mwalimu, hili likinywa oili usishtuke. Likiacha kunywa, ndio unipigie simu."

Kichwani nilielewa. Moyoni nilikuwa mtu wa Dar es Salaam kama wengine, na hapa mjini gari linalokula oili huzungumzwa kwa sauti ya chini, kama mgonjwa aliyeruhusiwa akafie nyumbani. Kila Jumapili kabla ya ibada nilichomoa kijiti cha kupimia, nikakitazama, nikasonya, nikaongeza oili. Pale kwetu Chamazi majirani waliniuliza lini nitaliuza. Mume wangu, ambaye siku zote aliliona gari lile kama mtoto niliyekuja naye kwenye ndoa, hakujiunga nao. Aliendelea kunisikia nikilalamika, mwaka baada ya mwaka.

Basi, siku chache baada ya lile tangazo langu, fundi alikuja shuleni. Ilikuwa saa ya mapumziko. Alisimama getini na shati safi, mikono ameiosha mpaka viwiko, na mlinzi akaja kuniita. Nilitoka nikiwa nimejiandaa kwa vita. Yeye alinisalimia, akaniulizia watoto.

"Mwalimu, mie nina watu wananitegemea pale gereji," alisema. "Sijaja kugombana. Naomba unipe ile injini niifungue, na wewe uwepo. Ikionekana kosa langu, naacha ufundi, nitafute kazi nyingine. Ikionekana si langu, utasema. Lakini utasema palepale uliposema mwanzo, na wote wakiwepo."

Nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Hata nilimhurumia.

Ndipo Jumamosi zangu zikahamia Chang'ombe. Gereji yake iko nyuma ya kiwanda, ua wa sementi wenye bati upande mmoja, na kelele za wachomelea mageti zinaanza asubuhi na haziishi. Nilikwenda na stuli yangu, nikaketi hatua mbili kutoka mezani kwake, nimekunja mikono, kama nasimamia mtihani. Sikutaka afiche hata nati moja.

Injini hii haifunguliwi kama nyingine. Imepangwa sahani juu ya sahani, na boliti ndefu zinapita katikati na kuzifunga zote pamoja. Ukishazitoa, unainua kipande kimoja kimoja, unakiweka kwa mpangilio, na ukichanganya umejiharibia. Aliinua chumba cha kwanza. Akanisogezea taa, nikainama kuangalia.

Ukuta uliotakiwa kung'aa ulikuwa umejaa mikwaruzo, umekauka kabisa. Sili mbili zilikuwa zimeliwa, ya tatu ilikuwa imekatika. Nilitaka kusema "unaona," nikakosa cha kuonyesha. Plagi haifanyi vile. Hata mimi nilijua.

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kufuata vibomba viwili vyembamba vinavyopeleka oili ndani ya injini. Vilikuwa vimejificha nyuma ya mipira na waya, ungeweza kumiliki gari miaka kumi usivione. Alivichomoa, akaviweka kwenye kiganja changu. Mwisho wa kila kimoja ulikuwa umezibwa kwa gundi ya chuma, nadhifu kabisa, na juu yake imepigwa msasa.

"Hii si kazi yangu," alisema. "Na aliyeifanya hakuwa mjinga. Alikuwa anazuia gari lisile oili."

"Nani sasa?"

"Mie sijui, mwalimu. Nyie ndio mnajua limelalaga wapi."

Nilirudi nyumbani nikiwasaka maadui. Kwanza nilimfikiria kijana wa kuosha magari, kisha yule aliyewahi kutaka kulinunua nikamkatalia, kisha, Mungu anisamehe, mwalimu mwenzangu wa hesabu. Kesho yake, Jumapili baada ya chakula cha mchana, nilimsimulia mume wangu yote. Alikuwa anamenya chungwa. Nilipofika kwenye gundi, kisu kikasimama.

"Mama," alisema taratibu, "vibomba viwili? Vyembamba?"

Nilipokuwa Morogoro kusahihisha mitihani, wiki tatu nzima, alikuwa amelipeleka gari kwa fundi mmoja njia ya Mbagala. Alimwambia: mke wangu ananyanyasika na oili, ifanye isiliwe. Yule fundi akatafuta oili inaingilia wapi, akapaziba. Mume wangu hakuniambia kwa sababu alitaka niione mwenyewe nifurahi. Mwanaume huyu hajawahi kuninunulia hata ua, na zawadi moja aliyoamua kunipa kwa siri ilikwenda kuitafuna injini yangu kwa miezi mitano.

Nilikasirika siku tatu. Nilipika kwa kugonga sufuria. Yeye alizunguka nyumba kwa ncha za vidole, akafua mashuka bila kuombwa, akanyoosha mpaka foronya.

Siku ya nne, nikiwa darasani naeleza msuguano, nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nalikwepa. Niliporudi kutoka Morogoro nilichomoa kile kijiti, nikakuta oili iko palepale. Jumapili iliyofuata, palepale. Nilifurahi kupita kiasi. Kule Mikocheni niliwatambia watu kwamba gari langu limeacha kula oili, ni kwa sababu ya matunzo. Sikumpigia fundi simu. Kitu kinabadilika chenyewe, bila sababu, mbele ya mwalimu wa fizikia, naye anashangilia. Kama mwanafunzi wangu angenijibu hivyo kwenye mtihani ningempa sifuri. Nilikatisha kipindi, nikawaambia wasome wenyewe, nikaenda kukaa ofisini na aibu yangu.

Jumamosi nilirudi Chang'ombe nikamweleza fundi. Nilitegemea acheke, au anitukane. Alisema tu, "Shemeji alikupenda, ila mapenzi yenyewe yalikuwa na pancha," kisha akaniomba nimshikie tochi. Stuli yangu ikasogea mpaka mezani. Kuanzia hapo sikuwa tena msimamizi.

Sili, springi na mipira tuliagiza nje, na vikafika kwenye boksi dogo kuliko la viatu. Chumba cha kuchukua nafasi ya kile kilichokwaruzwa ndicho kilichotutesa. Mwishowe tulimpata mzee mmoja wa Kihindi, muuza vipuri mitaa hiyohiyo, ambaye alikuwa na injini nzima ya aina hii nyuma ya duka, chini ya mabomba.

"Shikamoo mzee," nilisema. "Unaiuza?"

"Marahaba, mwanangu. Hii iko hapa zamani sana. Kila mtu anadhani pampu ya maji." Akapangusa vumbi kwa kanzu yake. "Na mimi nilikwishaanza kuamini."

Vyumba vyake vilikuwa vizima, vinang'aa kama sinia la harusi. Fundi alivipitishia kidole mara tatu, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya getini nikamwona anatabasamu.

Kufunga kulichukua Jumamosi mbili. Zile sili ni ndogo, zina springi chini yake, na zinaruka ukipumua vibaya. Dawa yake ni mafuta ya mgando, yaleyale tunayowapaka watoto. Unapaka kwenye mfereji, unabandika springi, unabandika sili, zinatulia. Kazi hiyo alinipa mimi kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba. Nilimaliza kopo zima. Mume wangu alikuja Jumamosi ya pili na chapati kwenye hotpoti, akasimama pembeni, akamwambia fundi, "Braza, naomba radhi." Fundi akamkabidhi ufagio, naye akafagia ua wote.

Siku ya kuwasha, injini ilizunguka kwa muda mrefu bila kushika. Ilikohoa, ikakataa, ikakohoa. Kisha ikashika, na mafuta yote ya mgando yakaanza kuungua. Moshi mweupe ulijaa ua, ukavuka ukuta, mafundi mageti wakakimbia kuja na ndoo za mchanga. Fundi aliinua mkono kuwazuia. Taratibu moshi ukapungua, na mlio ukatulia, ule mlio wake wa kuvuma bila kugonga. Nililia, sina haja ya kuficha. Fundi alifunga boneti, akafuta mikono.

"Sasa, mwalimu," alisema, "Jumamosi ijayo ni Mikocheni."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Wateja wake hawakuwa wamerudi. Tangu lile tangazo, magari yaliyokuwa uani yalikuwa mawili, na moja lilikuwa langu. Nilijua. Hata hivyo niliandaa hotuba ambayo, nikiitazama leo, ilikuwa ya mtu mwoga. Ilikuwa na maneno kama "changamoto" na "kutoelewana." Niliijaribu mbele ya kioo ikasikika vizuri sana.

Tulikwenda watatu ndani ya gari, mume wangu amejikunja kiti cha nyuma ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya watu. Watu walilizunguka gari, wakasikiliza mlio, wakapongeza. Nikaomba wanisikilize. Nikaanza: kulikuwa na changamoto, kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu injini, tunashukuru yameisha. Wakapiga makofi. Wengine wakarudi kwenye chai zao.

Fundi hakupiga makofi. Alikuwa ameegemea ukuta wa ghala, anatazama viatu vyake. Hakunikumbusha mapatano yetu, wala hakuninyooshea kidole. Angenyamaza vile mpaka tuondoke, akarudi kwenye ua wake wenye gari moja, na mimi ningeendelea na maisha yangu. Hilo ndilo lililonishtua. Nilimgeukia mume wangu, naye alikuwa ameshaelewa. "Sema," alisema. "Na mie unitaje."

Nikagonga boneti kwa kiganja mpaka wakageuka.

"Fundi huyu hakuiharibu injini yangu," nilisema. Maneno yalitoka madogo. "Iliharibiwa nyumbani kwangu. Mume wangu aliziba oili bila kujua, na mimi niliona dalili nikajisifia badala ya kuuliza. Halafu nikasimama hapa nikamsingizia. Nilisema uongo juu yake."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Fundi aliinua uso. Alitazama mpaka mwisho wa uwanja, ambako watu saba au wanane walikuwa wameegemea magari yao na vikombe mikononi, wawili kati yao wakiwa miongoni mwa wale walioondoa magari yao gerejini kwake.

"Rudia, mwalimu," alisema kwa upole. "Wale kule hawajasikia."

Nikavuta pumzi, nikatembea mpaka katikati yao, nikarudia yote toka mwanzo.