Mwaka Niliomsomea Mke Wangu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili huu na kuuwekea ndani yake amri na utii tusivyoviona kwa macho. Sala na salamu zimfikie Mtume Wake, na jamaa zake na masahaba zake. Ninamshukuru Mola kwa umri alionipa, maana umenitosha hata kukiri kosa hili.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Dunda. Nimesomesha watoto Kurani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na kama walimu wengi wa pwani hii, nimekuwa nikiletewa wagonjwa niwasomee. Nilikuwa naandika kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha naziosha kwa marashi mawaridi na maji, mgonjwa anakunywa. Jambo hilo silikatai hata leo. Ninachosimulia ni namna nilivyolitumia kwa mke wangu.

Mke wangu alikuwa mshonaji wa kofia za mkono. Alitoboa vijitundu vidogo kama punje za ulezi, akavizungushia uzi kimoja kimoja, na watu walikuja kutoka mbali kuzifuata kofia zake. Mwaka ule mkono wake ulianza kutetemeka. Tulidhani ni macho, tukanunua miwani. Mkono haukutulia. Kisha akaanza kukonda, ingawa alikuwa anakula kuliko mimi.

Dada yangu mkubwa, tunayekaa naye nyumba moja, alimtania mbele ya sinia:

"Wifi, hilo jini lako linapenda wali kuliko mumeo!"

"Basi nalo lipakulie sahani yake, wifi, liache kunidokolea yangu."

Tulicheka sote. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na mimi nililiokota. Tangu siku hiyo kila nilichokiona kwake nilikiweka upande huo. Alitokwa jasho asubuhi ya kipupwe, nikasema ni jini. Alifoka kwa kijiko kilichoanguka, yeye ambaye watoto wetu walimjua kwa upole, nikasema ni jini. Macho yake yalikodoka kama mtu aliyeshtuliwa ghafla, na hapo sikuwa na shaka tena. Aliniambia moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Mara mbili aliniomba nimpeleke hospitali.

"Ngoja kwanza tumalize kusoma," nilimwambia.

Nikawa namsomea kila siku baada ya Alasiri. Namketisha mkekani, naweka mkono juu ya kichwa chake, nasoma kwa sauti ya juu. Sisi wasomaji tuna kipimo chetu: mgonjwa akitetemeka anaposomewa, huhesabiwa kwamba aliye ndani yake amesikia. Basi mke wangu alitetemeka kuanzia mabega hadi magoti. Nilishika kifundo cha mkono wake, mapigo yalikuwa hayahesabiki. Nikazidisha sauti.

"Sema u nani!"

"Ni mimi, baba watoto. Ni mimi mkeo."

"Sisemi na mke wangu!"

Akalia. Dada yangu alisimama mlangoni na ufagio mkononi. "Wewe, mwache mwenzio apumue," alisema. Nilimpungia mkono aondoke. Kisha nikamwamuru mke wangu afunge Jumatatu na Alhamisi, ili kumdhoofisha yule niliyedhani anampiga vita. Alifunga. Hakuwahi kunivunjia amri. Aliyedhoofika ni yeye. Hali hiyo tuliiendesha kwa miezi minane.

Asubuhi moja alikwenda kununua uzi, akaanguka mbele ya duka. Watu wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Nilipofika nilimkuta amelala, na daktari aliyekuwa naye, binti mdogo kwa umri, alisimama aliponiona.

"Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki? Ulinisomesha juzuu ya Amma."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpa mke wangu maji ameze taratibu, huku akimgusa shingoni kwa vidole. Akanionyesha uvimbe laini uliopanda na kushuka. Nilikuwa nimelala ubavuni mwa shingo ile miaka yote na sikuuona. Damu ikachukuliwa, na majibu yalipokuja, alituketisha sote wawili.

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba imamu akikosea, wanaume nyuma yake husema Subhanallah na wanawake hupiga kofi, naye hurudi kwenye sawa. Mwili nao una mazungumzo ya namna hiyo. Ubongo hutoa amri kwa tezi ndogo iliyo chini yake. Tezi hiyo hutuma homoni ndani ya damu mpaka kwenye hii ya shingoni. Ya shingoni ikishatoa homoni zake za kutosha, damu hurudisha habari juu, na ubongo hupunguza amri."

"Na kwa huyu?"

"Kwa mama, kinga ya mwili wake mwenyewe imeigeukia tezi ya shingo na kuichochea. Ubongo umeshanyamaza siku nyingi, majibu yanaonyesha. Tezi haijali, inamwaga tu. Ndiyo maana anakonda, moyo unakimbia na mikono inatetemeka."

Nilipaswa kunyamaza pale. Lakini nilikuwa bado nautetea usomaji wangu. "Mbona nikimsomea alizidi? Kama si jini lililosikia, alisikia nani?"

Daktari alimgeukia mke wangu. "Mama, ulikuwa unaogopa?"

Mke wangu alitazama ukuta. "Nilikuwa namwogopa yeye. Nikisikia tu anakunjua mkeka, moyo unaanza."

Binti yule alishusha sauti, kwa adabu aliyoipata chuoni kwangu. "Mtu akiogopa, mwalimu, mishipa ya fahamu hupeleka habari mara moja mpaka kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humimina homoni yao kwenye damu. Moyo hudunda, mwili hutetemeka. Ni kwa kila mtu. Kwa mama, mwili ulikuwa umeshawashwa tayari, kwa hiyo hofu ndogo kwake ilikuwa kubwa."

Basi ushahidi wangu wote niliutengeneza mimi mwenyewe, kwa sauti yangu na mkono wangu. Maneno ya Mola wangu ni ponyo. Niliyatia ukali ambao si wake.

Alianza vidonge, na mikono ikatulia kabla ya mwaka kwisha. Anashona tena, Alhamdulillahi. Moyo wake haukurudi sawasawa. Daktari alisema ulikimbia muda mrefu mno, na mapigo yake mpaka leo hayana mpangilio. Zamani alikwenda kwa miguu mpaka Kaole kuwaona ndugu zake na kurudi na samaki. Sasa huenda kwa bodaboda, ameshika kifua kila penye shimo, na akifika hukaa kwanza ndipo asalimie.

Mwezi uliopita nilimwomba radhi tena. Nilikuwa nimemwomba mara nyingi, naye kila mara alisema yamekwisha. Safari hii aliweka kofia chini.

"Nimekusamehe kwa Mungu, baba watoto, na nisingependa uulizwe huko mbele. Lakini nilikwambia ni mimi, hukunijua. Hilo linaniuma bado."

Nilikaa naye mpaka adhana ya Magharibi. Tulipomaliza kusali aliniomba nimsomee Fatiha. Nikasoma kwa sauti ya chini, mikono yangu juu ya mapaja yangu mwenyewe, na kila aya nilimtazama usoni kwanza ndipo niendelee.

Ewe msomaji, Mwenyezi Mungu akupe afya ya mwili, akulainishie ulimi kwa walio chini ya dari yako, na akujaalie kuwasikia wanapokuambia wanaumwa. Amina.