Wimbo wa Kuingilia Uwanjani

Nilipohamishiwa Issenye kufundisha sekondari, nikitokea Tanga, mpira wa pete ndio ulionizoesha mahali hapo. Jioni, baada ya vipindi, walimu, mama lishe na wakulima tulikuwa timu moja. Mlinzi wetu wa goli alikuwa dada mmoja mrefu, mwenyeji, mcheshi sana.

Mechi yetu na timu ya Manchira ilileta watu wengi. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa mjini Mugumu, alikuja na spika zake. Tulipoanza kuingia uwanjani akafungulia wimbo uliokuwa ukipigwa kila kona ya wilaya. Mwimbaji alikuwa kijana wa huku huku, na wakati ule alikuwa gerezani. Mahakama ilimtia hatiani kwa kumpiga mkewe mpaka akamvunja mkono.

Watu wakaanza kucheza. Mlinzi wetu akaketi chini, pale pale kwenye mstari.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Aliyevunjwa mkono ni dada yangu," akasema. "Wimbo huu ukiendelea, mimi sichezi."

Sikuwa nikijua. Nikamwendea mzee wa spika.

"Shikamoo, mzee. Naomba tubadilishe wimbo."

"Marahaba, mwalimu. Watu wameuomba wenyewe. Kifungo ni chake, wimbo ni wetu sote."

Nikamwonyesha yule aliyeketi, nikamweleza ni nani. Mzee hakubishana tena, akazima. Vijana wakazomea. Hapo mlinzi wetu akainuka, akaja kuchukua maiki.

"Majumbani kwenu usikilizeni mpaka mchoke," akasema. "Hapa nimekuja kucheza. Msiniingize uwanjani kwa sauti ya mtu aliyemuumiza dada yangu."

Kisha mama mmoja wa upande wa Manchira akapiga kigelegele, wenzake wakampokea, na makofi yakaanza. Tulicheza mechi nzima kwa makofi hayo. Tulifungwa, na bado tukarudi nyumbani tunacheka.

Baadaye kamati ya michezo ya kata ilituita kujadili kama nyimbo za yule kijana zipigwe tena uwanjani.

"Na akimaliza kifungo chake?" mwenyekiti akauliza.

"Aende kwanza kwa dada," mlinzi wetu akajibu. "Dada akimsamehe, nyimbo zake zipigwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kuruka."

Wajumbe wakacheka, wakakubali iwe hivyo: aliyetiwa hatiani kwa kumdhuru mtu, nyimbo zake zisipigwe uwanjani mpaka aliyedhurika aridhie. Sina hakika kama utaratibu huo ungefaa kwenye viwanja vikubwa vya mijini. Kwetu, ambako mwimbaji na aliyeumizwa tunawajua kwa sura, umetufaa.

Yule dada aliyeumizwa hakuwa akionekana kwenye mikusanyiko tangu kesi ianze. Siku hizi huja. Hukaa nyuma ya goli letu, mtoto mgongoni, na mdogo wake, mlinzi wetu, akidaka mpira, hupiga kelele hadi mwamuzi anageuka kumtazama.